Liar Liar: Tunawaficha Watoto Matusi au Tunajificha Wenyewe?

Ukiitaja filamu ya Liar Liar mbele ya wazazi, swali la kwanza ni lile lile: ina matusi mangapi? La pili: kuna mambo ya chumbani? Ukijibu kwamba yapo kidogo, basi, mjadala umekwisha, watoto watafutiwe katuni. Hakuna anayeuliza filamu yenyewe inasema nini kuhusu uongo, wakati uongo ndio habari yake yote, kuanzia jina hadi dakika ya mwisho.

Mimi nabisha. Nasema mtoto wa miaka kumi na kuendelea aione, tena aione akiwa amekaa kochi moja na mzazi wake. Na nasema zaidi: wengi wanaoikataa hawaikatai kwa sababu ya matusi.

Kwa ambaye hajaiona, au aliiona zamani akacheka tu: ilitoka mwaka 1997, mwongozaji ni Tom Shadyac, na Jim Carrey anaigiza wakili wa Los Angeles anayeitwa Fletcher Reede. Fletcher ameachana na mkewe Audrey, na wana mtoto mmoja, Max. Huyu bwana anasema uongo kama anavyopumua. Max akiwa darasani anaulizwa baba yake anafanya kazi gani, anajibu kwamba baba ni mwongo. Mwalimu anadhani katamka vibaya, kwa sababu kwa Kiingereza neno la mwongo na neno la mwanasheria yanakaribiana masikioni. Siku Max anatimiza miaka mitano, baba hatokei. Anasingizia kazi, kumbe yuko na bosi wake wa kike, na wanachofanya si kazi. Mtoto anapuliza mishumaa ya keki na kuomba jambo moja: baba asiweze kusema uongo kwa siku moja tu. Ombi linakubaliwa. Kesho yake wakili anaingia mahakamani na kesi aliyoijenga juu ya uongo, na mdomo wake mwenyewe haumtii.

Sasa tuje kwenye hayo matusi. Marekani waliipa daraja la PG-13, na sababu waliyotoa ni mizaha ya ngono na lugha. Daraja hilo lilianzishwa mwaka 1984, baada ya wazazi kulalamikia filamu kama Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, zilizokuwa kali mno kwa watoto wadogo. Sina ugomvi na daraja. Ugomvi wangu ni na mzazi anayelisoma kama fatwa. Daraja linahesabu maneno machafu, damu, na ngozi iliyo wazi. Halina mizani ya kupima uongo. Shujaa anaweza kudanganya watu saa nzima na nusu, akaondoka na mke mzuri na gari jipya, na kama hakutukana, filamu yake itapita kama maji. Tutaiita filamu ya familia.

Ubaya wa Liar Liar upo, ila si pale wanapouona wengi. Kuna wakati Fletcher yumo ndani ya lifti na mwanamke mgeni katika jengo. Dada wa watu anasema tu kwamba kila mtu hapo amempokea vizuri, naye anamjibu kwa kuyataja matiti yake. Wazazi wanashtuka hapo. Mimi nashtuka zaidi mahali pengine, ambapo hakuna tusi hata moja. Fletcher anakwenda shuleni kumbembeleza Max aliondoe lile ombi. Anajaribu kumweleza kwamba wakubwa hawawezi kuishi bila kudanganya, na mfano wake ni jinsi alivyomsifia Audrey urembo alipokuwa mjamzito, huku moyoni akimwona kama ng'ombe. Max anasema mwalimu wake aliwafundisha kwamba uzuri wa kweli uko ndani ya mtu. Baba anamjibu kwamba hayo ni maneno ya watu wabaya wa sura.

Hilo jibu ni sumu, na hakuna bodi iliyolihesabu. Linamwambia mtoto kwamba ukweli ni kutapika kila kinachokupitia kichwani, na kwamba aliye mkweli ana ruhusa ya kuwa fidhuli. Sisi tumelelewa na neno sitara. Si kila usilolisema ni uongo. Ukimtembelea shangazi, ukaona kanenepa, ukanyamaza, hujamdanganya. Umemsitiri. Filamu haina nafasi ya neno hilo. Ina uongo upande mmoja na mdomo mchafu upande wa pili, na mtoto asipokuwa na mtu wa kumweleza, kesho atamwambia shangazi kweupe, tena kwa fahari. Ndiyo maana nimesema kochi moja na mzazi. Asiachiwe simu akaangalie peke yake chumbani.

Hiyo ndiyo hasara. Faida yake naiona kubwa kuliko hiyo.

Fikiria hadithi tunazowapa watoto kuhusu ukweli. Pinocchio anarefuka pua. Kijana mchungaji anapiga kelele za mbwa mwitu, mwishowe hakuna anayemwamini. Mwongo ni nani kila mara? Mtoto. Anayeadhibiwa ni nani? Mtoto. Mkubwa yuko pembeni, mikono nyuma, kazi yake kutoa funzo. Katika Liar Liar kibao kimegeuka. Mshtakiwa ni baba, na aliyempeleka kizimbani ana miaka mitano. Fletcher anajitetea kwamba kila mtu anadanganya, hata mama. Max anamjibu kwamba wewe peke yako ndiye unayenifanya nijisikie vibaya. Haya, mzazi mwenzangu, jibu hilo. Mtoto hakukataa kwamba dunia ina waongo. Alichofanya ni kumwonyesha baba uongo upi unaumiza: ule wa ahadi kwa mtu anayekusubiri mlangoni.

Na hapo ndipo nashuku hofu yetu ilipo. Mwenye nyumba akigonga kudai kodi, nani anatumwa mlangoni kusema baba katoka? Mtoto. Simu ikiita, nani anakaa kiti cha nyuma akisikia mama anasema niko Ubungo naingia sasa hivi, na gari halijatoka hata getini? Mtoto. Jumapili tutakwenda ufukweni, inafika Jumapili, tunasema Jumapili ijayo, na ijayo hiyo haifiki. Halafu wiki hiyo hiyo akisema kamaliza hesabu kumbe hajamaliza, anachapwa, eti kajifunzia wapi uongo! Mtoto akiiona filamu hii atageuza shingo akuangalie. Kumzuia kwa kisingizio cha matusi ni rahisi kuliko kuvumilia macho yale. Matusi yenyewe ameshayasikia kwenye daladala.

Wapo wanaosema kichekesho kinaufanya uongo uwe mtamu. Jamani, nani kati yetu hakulelewa na Sungura? Nani hakusimuliwa Abunuwasi? Hao wanadanganya, wanashinda, na sisi tunacheka pamoja nao, tukiwapigia makofi kwa ujanja wao. Sitaki waondolewe. Lakini anayemruhusu Sungura hawezi kumkataa Fletcher, kwa sababu Fletcher tunamcheka yeye. Anapambana na kalamu ya rangi ya buluu akitaka kusema ni nyekundu na anashindwa. Anajipiga mwenyewe chooni mahakamani ili kesi iahirishwe. Hapo uongo hauna utamu. Unaonekana ulivyo, kazi ngumu ya mtu mwenye hofu.

Kilichonifanya niitetee filamu hii kuliko vichekesho vingine vya aina yake ni kesi yenyewe. Fletcher anamtetea Samantha Cole, mwanamke anayeachana na mume tajiri. Mkataba wa kabla ya ndoa unasema akizini hapati kitu, na amezini, ushahidi upo. Bila uongo, wakili hana pa kushika. Kisha anagundua kwamba Samantha aliongopa umri wake siku ya kuolewa. Alikuwa na miaka 17, hajafikia umri wa kufunga mkataba peke yake, kwa hiyo karatasi ile ni batili. Anashinda kesi bila kusema neno moja la uongo. Mahali hapa filamu ya kawaida ingepiga muziki na kumaliza.

Hii haimalizi. Samantha anageuka na kudai watoto pia, kwa sababu ya pesa za matunzo, na watoto wanamng'ang'ania baba yao pale pale mahakamani. Fletcher anaangalia ushindi wake na anaona umefanya nini. Anamkabili hakimu ili mambo yarudishwe nyuma, hadi anakamatwa kwa kudharau mahakama. Kila alichosema siku hiyo kilikuwa kweli, na watoto wawili wameumizwa na kweli hiyo. Mtoto wa miaka kumi analielewa hili bila kufundishwa sheria. Anaelewa kwamba kutosema uongo ni mwanzo tu, na kwamba unaweza kusema kweli tupu na bado ukawa umemtumikia mtu mbaya. Nitajieni katuni inayothubutu kulisema hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Aliye chini ya miaka minane asubiri, si kwa sababu ataharibika, ila hatafuata mambo ya mahakamani na atabaki na mzaha wa lifti peke yake. Wa miaka kumi au kumi na mbili, kaeni naye. Ile sehemu ya lifti na ile ya shuleni, simamisha filamu, mwambie wazi kwamba hapa Fletcher ni mkweli na ni mshenzi kwa pamoja, na mwulize angesemaje yeye. Akikuuliza kuhusu ile Jumapili ya ufukweni, usimwambie anyamaze aangalie.

Na muache aone mwisho. Mwaka umepita, Max ana keki nyingine, taa zinazimwa, na zinapowaka wazazi wake wanabusiana. Wanamuuliza kama hilo ndilo aliloliomba. Anasema hapana, aliomba viatu vya magurudumu. Mwaka jana alikuwa na ombi moja tu, na akalitumia kwa baba yake. Mwaka huu baba yupo sherehekeni, na mtoto ameomba kitu cha mtoto.