Vuli yabisha hodi: tuusome vipi utabiri wa mvua?

Mwanafunzi akitafuta katika kamusi neno la Kiswahili la msimu ule ambao majani hupukutika Ulaya na Marekani, aghalabu hukuta "vuli". Jambo hili limewatatiza wengi. Vuli ya London ni majani makavu barabarani na makoti kutolewa kabatini, ilhali vuli yetu ni mvua.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, chanzo chake ni kimoja. Mnamo Septemba 22 au 23 jua huvuka ikweta likielekea kusini. Kule kaskazini usiku huanza kuwa mrefu kuliko mchana na joto lao huisha. Kwetu, ukanda wa mawingu unaoliandama jua hushuka kutoka kaskazini, na kufikia Oktoba huwa umeanza kutufikia. Pwani, upepo wa kusi hulegea na watu wakaanza kungojea kaskazi. Jijini Nairobi baridi ya Julai huwa imesahaulika, mijakaranda huchanua maua ya zambarau, na katika nyumba nyingi swali ni kama paa lile lililovuja mwaka jana limezibwa.

Wazee wetu hawakungoja redio. Waswahili wa pwani walihesabu siku kumi kumi, yaani miongo, tangu siku ya mwaka, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda. Kule Bunyore, wazee wa ukoo wa Nganyi hutazama miti, wadudu na ndege, na katika miaka ya karibuni wamekaa meza moja na wanasayansi wa hali ya hewa kulinganisha walichokiona. Lakini mtoto wa Buruburu au Umoja atautazama mti gani? Yeye ana televisheni na simu, na nachelea kusema kwamba wengi wetu husikia utabiri bila kuuelewa.

Utabiri wa vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, hutolewa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba na Idara ya Hali ya Hewa, ile yenye makao Dagoretti Corner. Idara haisemi kwamba mvua itanyesha Jumanne saa tisa. Husema kuna uwezekano gani wa mvua kuzidi wastani, kuwa ya wastani, au kupungua. Tuseme, kwa mfano, eneo lenu limepewa asilimia 45 ya kuzidi wastani, 35 ya wastani na 20 ya kupungua. Maana yake ni kwamba katika miaka 100 inayofanana na huu, 45 ingekuwa na mvua nyingi kuliko kawaida, na 20 ingekuwa mikavu. Kwa hiyo mwaka ukiwa mkavu, si lazima iwe kwamba tulidanganywa. Tungekuwa na haki ya kulalamika kama hali hiyo ingejirudia miaka mingi kuliko inavyostahili.

Wataalamu wanapataje takwimu hizo? Zaidi ya yote, hutazama bahari. Wakenya tulilijua jina El Nino mwaka 1997, mvua ilipobomoa barabara na madaraja na kuendelea hadi mwanzoni mwa 1998. El Nino ni joto la maji katika Bahari ya Pasifiki, mbali kabisa nasi. Iliyo jirani yetu ni Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu wa Afrika yakiwa na joto kuliko kawaida huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa, mvuke na mawingu huelekea kwetu. Hali hiyo huitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi, na wanasayansi waliieleza kinaganaga mwaka 1999 tu.

Mwaka 2015 El Nino ilikuwa miongoni mwa zile kali zaidi kuwahi kupimwa, nchi nzima ikajiandaa, lakini madhara yakawa madogo kuliko ilivyohofiwa. Mwaka 2019 hapakuwa na El Nino ya kutajika, lakini Bahari ya Hindi ilikuwa imepata joto kupita kiasi upande wetu, na Novemba maporomoko ya ardhi yakaua watu wengi Pokot Magharibi. Kisha mwishoni mwa 2020 mvua ikaanza kukosekana, ikakosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame. Ndiyo maana anayeuliza "El Nino ipo au haipo?" anauliza nusu ya swali.

Swali hilo nusu lilitugharimu mwaka 2023. Utabiri ulisema mvua itazidi wastani sehemu nyingi za nchi. Badala ya kuzibua mitaro, tulitumia Oktoba kubishana, majukwaani na nyumbani, kama mvua hiyo iitwe El Nino au la. Kufikia katikati ya Desemba, zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki kwa mafuriko, na kule Garissa, Mandera na Tana River maelfu walikuwa wamehama makwao. Mimi sioni jina lingemsaidia nani.

Kwa familia ya mjini, utabiri wa msimu ni wa kukarabati paa na kuamua kama mtaendelea kuishi kando ya mto. Utabiri wa wiki na wa saa 24 ndio wa kujua mtoto atoke na mwavuli au la. Idara inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, mara nyingi hutaja milimita 20 kwa saa 24. Namba hiyo yaonekana ndogo, lakini milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 50 za mraba, basi, litapokea lita 1,000 siku hiyo, sawa na mitungi 50 ile ya lita 20. Penye mfereji wa paa na tangi, hayo ni maji ya kufulia ambayo hamtanunua kwa mwenye mkokoteni. Pasipo na hivyo, na mtaro ukiwa umejaa mifuko na chupa, yatatafuta mlango. Novemba ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi katika msimu wa vuli hapa Nairobi, kwa hivyo mtaro wa plotini kwenu una wiki kadhaa tu za kuzibuliwa.