Namba Peke Yake Si Jibu: Uliza Imepimwaje

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu, chukua fishi yako ya matibabu uifungue pale walipoandika majibu ya labo. Utakuta namba. Tuseme yako imeandikwa "sukari 176". Ya jirani yako imeandikwa "sukari 1,76". Na ya mama mkwe wake, aliyerudi kutoka Tanzania, imeandikwa "sukari 9,8". Je, kati ya watu hao watatu ni nani mwenye hali mbaya zaidi?

Hakuna. Wote watatu wana sukari ileile katika damu. Wa kwanza ameandikiwa kwa miligramu katika desilita (mg/dl), kama zinavyosoma mashine ndogo nyingi tunazoziona hapa Burundi na kule Kivu. Wa pili ameandikiwa kwa gramu katika lita (g/l), desturi iliyotoka kwa Wafaransa na Wabelgiji ambayo bado utaiona kwenye makaratasi ya labo. Wa tatu ameandikiwa kwa milimoli katika lita (mmol/l), ndiyo desturi ya Tanzania na Kenya. Ni kama kuuliza bei ya mchele sokoni ukajibiwa "elfu tatu", basi. Elfu tatu za nini? Faranga za Burundi, faranga za Kongo, au shilingi za Tanzania? Sisi ambao tumevuka mipaka tunajua vizuri kwamba swali hilo si la mchezo. Kwa mchele tunauliza. Kwa damu yetu tunanyamaza.

Tena kuna pale ambapo kunyamaza ni hatari kweli. Chukua mtoto mdogo mwenye malaria kali, amepimwa sukari, imeandikwa 2,8 bila neno lingine. Kama ni mmol/l, mtoto huyo sukari yake imeshuka mno, ni kama 50 kwa mg/dl, anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu, anahitaji kupewa sukari sasa hivi. Kama ni g/l, basi sukari yake imepanda sana, ni 280, na kumwongezea ni kumzidishia ugonjwa. Namba moja, matibabu mawili yanayopingana.

Maoni yangu ni haya: labo inayokuandikia namba bila kuandika kipimo chake, bila saa uliyotolewa damu, na bila kusema imetumia mashine gani, haijamaliza kazi yake. Na wewe unayo haki ya kuirudishia karatasi hiyo kwa heshima ikamaliziwe.

Mimi ni mhamasishaji wa afya. Kazi yangu hapa Bujumbura ni kuwapokea wandugu wanaotumwa kutoka kambini, Musasa, Bwagiriza, Kavumu na kwingineko, kwa matibabu ambayo kule hayapatikani. Nawasindikiza, natafsiri Kifaransa na Kirundi kwa Kiswahili, nasubiri nao kwenye mabenchi. Udaktari sikusoma, nilimaliza sekondari katika seksheni ya biokemia, inayonitosha kusoma karatasi ya labo na kuuliza maswali.

Hapo kwenye mabenchi nilimfahamu mzee mmoja aliyekuwa ameishi miaka mingi Nyarugusu. Kule walimwandikia 9,8. Alipofika Burundi kifaa kikasoma 176. Mzee akashtuka, akaona sukari imepanda mara kumi na nane, na nyumbani maneno yakaanza: nani kamfanyia hivi, chakula cha nani alikula. Baadaye akapimwa mahali pengine, karatasi ikasema 1,76. Sasa furaha! Akaacha dawa, kwa kuwa aliona amepona. Miezi ikapita, kidonda cha mguu hakikauki. Sukari yake haikuwahi kupanda wala kushuka katika vipimo vile vitatu. Kilichobadilika ni lugha tu. Wakwe waligombana bure, na mguu ulilipa.

Tuendelee, maana kujua kipimo ni hatua ya kwanza tu. Swali la pili ni njia. Zamani wazee walijua ugonjwa wa sukari kwa kuona siafu na sisimizi wamekusanyika kwenye mkojo. Mwaka 1920 wataalamu wawili, Folin na Wu, walitoa njia ya kupima sukari ya damu kwa kutumia madini ya shaba, ikatumika duniani kwa miaka mingi. Lakini shaba ile ilikuwa inakamata na vitu vingine visivyo sukari, kwa hiyo jibu lilitoka kubwa kuliko ukweli. Siku hizi tunatumia kimeng'enya, ambacho kinachagua sukari yenyewe. Kifaa kidogo cha kuchoma kidole nacho ni cha ukoo huo wa kimeng'enya.

Kifaa hicho nakipenda, kimeokoa watu. Ila tusikipe sifa isiyo yake. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 inataka majibu 95 katika kila 100 yasitofautiane na ya labo kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapofika 100 mg/dl au zaidi. Fanya hesabu: kama labo ingesema 176, kifaa kinaruhusiwa kusema chochote kati ya 150 na 202, na bado kinahesabiwa kuwa kizima. Kwa hiyo ukiona jana 165 na leo 180, usilie, wala usimtukane muuguzi. Inawezekana hakuna kilichobadilika mwilini mwako.

Na hapo ni kifaa kizima kinachotunzwa vizuri. Vile vipande vya kupimia huharibika kwa joto na unyevu. Vingi vimeandikwa kwenye boksi visizidi nyuzi 30. Sasa fikiria Bujumbura hapa bondeni Imbo mchana wa jua kali, au nyumba yenye bati, au hema la plastiki. Kopo likiachwa wazi, mambo ni mabaya zaidi. Ukitoka kula embe au kutafuna muwa ukachomwa kidole bila kunawa, kifaa kinapima sukari ya embe. Nawa kwa maji na sabuni, kausha. Na mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, kama wanawake wengi wajawazito wetu, vifaa vingi humsomea sukari juu kuliko ilivyo. Muuguzi akikuambia uende labo ukarudie, hakusumbui.

Labo nayo ina matatizo yake, hasa njiani. Watu wengi hawajui kwamba damu iliyo kwenye kichupa inaendelea kula. Chembe za damu bado ziko hai, na chakula chake ni sukari. Kwa joto la kawaida sukari inapungua kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Tuseme umetolewa damu asubuhi kambini hujala kitu, na sukari yako ya kweli ni 130. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani kwa mtu aliyefunga ni 126, na asiye na dalili hurudiwa siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa wa sukari. Kichupa kinasubiri gari. Gari linasubiri mafuta (hili mnalijua wenyewe). Baada ya saa tatu ndipo kinafika mashineni, na jibu linatoka chini ya 115. Unaambiwa huna shida, unarudi kuendelea kuumwa. Kwa ajili hiyo kuna kichupa chenye kifuniko cha rangi ya kijivu, kina dawa ya kuzizuia chembe zisile sukari. Hata dawa hiyo inachelewa kushika, zaidi ya saa nzima. Bora zaidi ni kuitenganisha damu mapema, au kupima palepale.

Ndiyo maana unatolewa vichupa viwili au vitatu. Najua maneno yanayotembea kambini, kwamba damu yetu inauzwa. Kifuniko cha kijivu ni cha sukari, cha zambarau ni cha kuhesabu chembe za damu, chekundu mara nyingi ni cha figo, ini na mengine. Kila kimoja kinachukua kama kijiko kimoja cha chai, na mtu mzima ana lita kama tano. Lakini sitawacheka wanaosema maneno hayo. Mtu anayekuvuta damu mara tatu bila kukuambia ni ya nini, yeye ndiye anayepanda mbegu ya uvumi. Nakumbuka siku moja tumesimama kwenye dirisha la labo moja na mama aliyekuwa anauliza kwa nini vichupa ni vitatu. Aliyekuwa ndani akamjibu, "Wewe lipa utoke." Mama huyo hakurudi kuchukua majibu yake. Ningekuwa yeye, nami pengine nisingerudi.

Sasa figo, jambo linalonikera zaidi. Figo zinapimwa kwa kitu kinachoitwa kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli. Kwanza, lugha tatu tena: 10 mg/l ni sawa na 1 mg/dl ni sawa na 88 hivi kwa mikromoli katika lita. Pili, njia mbili. Ya kwanza ni ya mtaalamu Jaffe, ya mwaka 1886, ambayo kwa sababu ya bei nafuu bado inatumika sehemu nyingi duniani mpaka leo, na inakamata na vitu vingine visivyo kreatinini. Ya pili ni ya kimeng'enya, safi zaidi na ghali zaidi. Mtu mmoja, siku moja, njia mbili, majibu mawili.

Halafu daktari anachukua namba hiyo na kuiingiza kwenye hesabu ili ajue figo zinafanya kazi kiasi gani. Hesabu hizo hazikutengenezwa kwa kupima watu wa kwetu. Huko Marekani kwa miaka mingi walikuwa wakimwongezea mtu mweusi asilimia 16 hivi juu ya jibu lake, kwa sababu tu ni mweusi. Mwaka 2021 hesabu mpya ilitolewa bila nyongeza hiyo. Na mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliopima figo za watu wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini kwa njia ya uhakika zaidi. Ulionyesha kwamba hesabu za kreatinini zilizisifu figo zao kupita ukweli, na wagonjwa wengi walikuwa wanapita bila kuonekana. Sababu moja unaweza kuielewa bila kusoma kitabu: mtu mwenye misuli kidogo hutoa kreatinini kidogo. Mtu aliyekonda kwa njaa na safari anaweza kuonekana ana figo nzuri kwenye karatasi huku zinaharibika. Je, kambini wapo wangapi wenye mwili wa namna hiyo? Kwa hiyo ukiambiwa kreatinini yako ni nzuri, na bado unavimba miguu au presha iko juu, omba na mkojo wako upimwe protini. Usiogope kuomba.

Kuna na kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Ni kizuri, lakini mwenye ugonjwa wa SS, wengine huita siko seli, au aliyeongezewa damu karibuni, aseme kabla, maana chembe zake haziishi muda wa kawaida na jibu linadanganya. Na wingi wa damu nao unategemea mahali: anayeishi kwenye milima ya Ngozi, juu ya mita 1500, kwa kawaida huwa na damu nyingi kidogo kuliko anayeishi hapa kando ya ziwa Tanganyika, hivyo namba inayotosha hapa inaweza kuwa pungufu kule.

Kwa wanaoongoza huduma zetu za afya nina ombi moja, halihitaji fedha nyingi. Kwenye jalada la ndani la kila fishi mpya chapeni mstari mmoja: sukari ya mmol/l zidisha kwa 18 upate mg/dl; ya g/l zidisha kwa 100. Na kwenye nafasi ya majibu wekeni sehemu tatu za kujaza: kipimo, saa, kifaa au labo. Mgonjwa aliyetoka Nyarugusu, akapita Uvira, akafika Bujumbura, asianze upya kila mpaka.

Nawe utakayekuja huku, uliza kabla ya kuondoka kambini kama unatakiwa kufunga chakula au hapana. Usijifungishe mwenyewe kwa kubahatisha, hasa kama unachoma insulini, na mtoto mdogo asifungishwe ila muuguzi ameagiza. Maji ya kunywa kwa kawaida hayakatazwi. Kama una kifaa chako cha nyumbani kilete pamoja na vipande vyake, tukijaribu siku hiyohiyo unapotolewa damu ya labo, tuone vinatofautiana kwa kiasi gani, na tofauti hiyo iandikwe. Lete fishi zote, hata ile ya zamani iliyochanika, hata ya nchi nyingine.

Mhamasishaji wa afya, Bujumbura