Kijana na Ushahidi wa Nafsi Yake



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo limewafikia watoto wetu ghafula. Nalo ni insha ya kujieleza. Kijana wa Bagamoyo, wa Kerege au wa Saadani akitaka kuingia chuo kikuu katika nchi hii, aghalabu hutazamwa alama alizopata katika mtihani, basi. Lakini akitaka kusoma ng'ambo, au akiomba ufadhili, alama peke yake hazimtoshi. Huambiwa: tuandikie, wewe ni nani, na kwa nini wataka elimu hii?

Katika Marekani vyuo vingi hupokea maombi kwa fomu moja iitwayo Common Application, na insha yake haipungui maneno 250 wala haizidi 650. Uingereza maombi hupitia shirika la UCAS. Huko zamani mwombaji aliandika insha moja. Kwa wanaoingia vyuoni tangu mwaka 2026 insha hiyo imegawanywa katika maswali matatu: kwa nini wataka somo hili, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Majibu yote pamoja hayazidi herufi 4,000, na nafasi baina ya maneno nazo huhesabiwa. Serikali ya Uturuki kadhalika, katika ufadhili wake uitwao Türkiye Bursları, humtaka mwombaji aieleze nia yake kwa maandishi.

Basi jambo hili limekwisha ingia majumbani mwetu, na hatuna budi kulijua.

Siku moja alitujia binti wa Kidato cha Sita kutoka Mlingotini, kijiji cha pwani kilicho kusini ya mji wa Bagamoyo, pamoja na mjomba wake. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, mjomba akatoa karatasi ndani ya bahasha, akasema, "Maalim, twaomba muitazame barua hii ya mtoto. Ni Kiingereza chake tu kinachotaka kunyoshwa."

Tukaisoma. Ilianza kwa kusema kwamba tangu utoto wake mwandishi amekuwa na ndoto ya kuibadilisha dunia. Kisha ikasema kwamba baba yake alifariki alipokuwa darasa la nne, na tangu siku hiyo amelelewa katika dhiki kubwa. Kiingereza chake hakikuwa kibaya hata kidogo.

Tukamwuliza, "Mwanangu, baba yako yuko wapi leo?"

Binti akainamisha kichwa. Kwa sauti ndogo akajibu, "Amekwenda baharini, maalim. Atarudi alasiri."

Mjomba akatazama mlangoni. Baada ya kitambo akatueleza kwamba barua ile aliilipia katika steshenari moja, na mwandishi wa pale alimwambia kwamba wafadhili huwapendelea mayatima. Hatukumkemea, kwani alimtakia mpwa wake kheri, naye alitoa fedha zake kwa kazi hiyo. Lakini tuliiweka karatasi ile kando, tukamwomba binti atusimulie siku zake.

Tukauliza, "Mama afanya kazi gani?"

"Analima mwani, maalim."

"Na wewe wamsaidia nini?"

"Namwandikia daftari."

Tukataka kujua daftari gani. Kumbe tangu Kidato cha Pili binti huyu amekuwa akiandika hesabu ya mwani wa mama yake na ya majirani wanne: kamba ngapi zimefungwa mbegu wakati wa bamvua, ngapi zimevunwa baada ya wiki sita, kilo ngapi zimebaki baada ya kuanikwa. Katika hesabu hizo aliona kwamba miezi ya joto mwani wa aina ya cottonii ulikatika na kuoza, na ule wa spinosum ukastahimili. Akamwuliza mwalimu wake wa baiolojia. Mwalimu akamwazima kipimajoto. Naye akawa akipima joto la maji asubuhi na adhuhuri, akaliandika pembeni mwa hesabu ya kamba. Alichotaka kwenda kusoma ng'ambo ni elimu ya viumbe vya baharini.

Tukamwambia, "Mbona haya hayamo katika barua yako?"

Akajibu, "Nilidhani si jambo la maana, maalim. Ile ni kazi ya nyumbani tu."

Ndugu wasomaji, jibu hilo limetukaa moyoni. Mtoto alikuwa na ushahidi wa kweli mkononi mwake, naye akauficha kwa haya. Na mahali pake akawekewa uwongo, kwa tamaa ya watu waliomtakia mema. Haya hizo na tamaa hiyo ndizo zinazoharibu insha za vijana wetu, nazo huzaana. Asiyethubutu kusema la kweli juu ya nafsi yake, atatafutiwa la kusema na mwingine.

Twajua haya hizo zatoka wapi. Sisi watu wa pwani twawalea watoto wetu wasijitaje mbele ya wakubwa, na hiyo ni adabu njema. Mwenyezi Mungu naye ametukataza kujitakasa nafsi zetu, katika Suratun-Najm, aya ya 32. Lakini kujisifu ni mbali na kutoa ushahidi. Mtazameni Nabii Yusuf, alayhis-salaam, katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake. Alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mbili, kwamba yeye ni mtunzaji na kwamba ni mjuzi. Hapo hakutaja uzuri wa sura yake, wala nasaba yake ya manabii, wala hakukililia kisima alichotupwa wala gereza alilofungwa. Alitaja yale tu yaliyohusu kazi iliyokuwa mbele yake, nayo yalikuwa kweli. Wanazuoni wamechukua katika aya hiyo kwamba yafaa mtu kuitaja sifa yake ya kweli panapokuwa na haja. Basi insha ya kujieleza ni mahali pa haja.

Na juu ya uwongo, Suratun-Nisaa katika aya ya 135 imewaamuru waumini wasimame na uadilifu, wawe mashahidi wa kweli hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zao wenyewe. Ajielezaye ni shahidi wa nafsi yake. Tena hata asiyejali dhambi na ajali hasara: mfadhili huweza kutaka hati, au kumwita mwombaji akamhoji uso kwa uso. Aliyemzika baba yake katika karatasi atamfufua kwa maneno gani siku hiyo? Na akipata nafasi ile, atairudia nyumba ya baba yake kwa uso upi?

Kuazima maneno nako ni tawi la mti huo huo. Mwaka 2007 shirika la UCAS lilichungua maandiko 50,000 hivi ya waombaji, yakaonekana 234 yaliyosimulia kisa kimoja, kwamba mwandishi alipokuwa na umri wa miaka minane aliunguza nguo zake za kulalia kwa majaribio ya kemia. Watoto mia mbili na zaidi, na moto mmoja! Walikuwa wamelichukua jambo la mtu mwingine wakalivaa. Siku hizi wengine huagiza maneno kwa akili mnemba ya kompyuta, nayo huwatolea kurasa katika dakika chache. Lakini tangu mwaka 2023 Common Application imeweka wazi kwamba kuyaleta maandiko ya mtambo huo kana kwamba ni yako ni udanganyifu. Tena mtambo haukuwapo Mlingotini siku ile binti alipotumbukiza kipimajoto majini, utayajuaje?

Wala kijana wa Bagamoyo asidhani kwamba kuandika habari za kwao ni jambo geni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda hapa Bagamoyo, alikuwa mtu wa chuoni aliyesomeshwa Kurani na elimu ya dini. Alifunga safari ya kwenda Udoe na Uzigua, nchi zilizo nyuma ya mji huu, akaandika aliyoyaona. Na habari hizo zilichapishwa mwaka 1901. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ni kalamu yake. Aliandika mambo ambayo kila mtu wa pwani aliyajua, harusi na matanga, chuo na ngoma, kilimo na safari, na pengine majirani zake wangaliyaita mambo ya nyumbani tu. Zaidi ya miaka mia imepita, na wataka elimu wa mataifa mengi wangali wakiyasoma.

Basi kijana afanye nini? Twamshauri hivi.

Kwanza, kabla ya kuandika insha, aandike orodha ya kazi alizozifanya kwa mikono yake: dukani, shambani, madrasa, ufukweni, jikoni. Asichague bado. Kisha aitazame orodha na kujiuliza: katika haya, ni lipi lililonifanya niulize swali? Hapo ndipo insha yake inapoanzia.

Pili, aandike jambo moja kwa ukamilifu wala asirundike kumi kwa majina tu. Mwenye kusema "mimi ni mchapakazi" amesema neno ambalo kila mtu aweza kulisema. Mwenye kusema kwamba alipima joto la maji asubuhi na adhuhuri, msomaji atamwita mchapakazi bila ya kuombwa.

Tatu, aandike kwanza kwa Kiswahili, lugha anayofikiri kwayo, ndipo aihamishe kwa Kiingereza chepesi. Wengi huanza na Kiingereza kikubwa, na hicho Kiingereza ndicho kinachowachagulia la kusema.

Nne, dhiki ikiwapo kweli, aitaje kwa maneno machache yaliyo sawasawa na ilivyokuwa, kisha aseme aliitendea nini. Umasikini si aibu, wala si cheti.

Tano, aanze mapema. Mitihani ya Kidato cha Sita hufanywa mwezi wa Mei, na siku za mwisho za maombi ya ng'ambo hazingojei mitihani yetu. Nyingine huangukia katikati ya masomo. Insha iandikwe, ilazwe siku chache, kisha isomwe tena kwa jicho jipya.

Nanyi wazazi, wajomba, shangazi na walimu, mna kazi kubwa katika jambo hili, ila kazi yenu si kuandika. Kazi yenu ni kuuliza. Ulizeni: ilikuwa lini, ulifanya nini, ulikosea wapi, nani alikufundisha? Mtoto akijibu, mwambieni, "Liandike hilo hilo ulilolisema." Makosa ya herufi na ya sarufi mwonyesheni, ayasahihishe mwenyewe. Lakini sentensi isiyotoka kinywani mwake msimtilie, hata iwe tamu kama asali. Na mzazi asiyejua Kiingereza asidhani kwamba hana msaada. Yeye ndiye ayajuaye maisha ya mtoto kuliko mwalimu yeyote.

Hayo tuliyaona kwa binti wa Mlingotini. Baada ya wiki mbili alirudi na karatasi mpya, nayo ilianza na daftari la mwani. Baba yake alikuwamo, mzima, ndiye aliyemfundisha binti kuhesabu bamvua na maji mafu. Kiingereza chake kilikuwa na makosa matano au sita; tukamwonyesha. Kisha tukamwambia, "Kabla ya kuipeleka, wasomee wazazi wako kwa Kiswahili, neno kwa neno. Lile utakaloona haya kulisoma mbele yao, lifute."

Mjomba ndiye aliyetuletea habari ya usomaji ule. Walikaa barazani baada ya Maghrib, baba na mama, na majirani wawili. Binti akasoma. Alipofika mahali alipotaja kamba ishirini walizofunga siku fulani wakati wa kusi, baba akamkatiza akasema, "Zilizovunwa ni kumi na nane, mwanangu. Mbili zilichukuliwa na maji, na mimi ndiye niliyezitafuta kwa ngalawa nisizipate." Daftari likaletwa, likafunuliwa kwa mwanga wa taa, na baba akaonekana amesema kweli. Binti akaandika kumi na nane.

Tunapoandika haya majibu ya maombi yake hayajaja, nasi hatujui yatakuwaje. Rizki iko kwa Mola wake. Lakini karatasi iliyokwenda ni yake, na mashahidi wake wanajulikana, nao wako hai. Mjomba naye ametuomba radhi, tukamwambia hana deni kwetu. Sasa ana mtoto wake mwenyewe aliye Kidato cha Tatu, naye amemnunulia daftari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na azithibitishe ndimi zao na kalamu zao juu ya kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.