Nyumba ya mjini nayo ni nyumbani

Katika nchi za Ulaya, mwezi wa Machi unapofika na baridi kuanza kulegea, watu wana desturi ya kuzifungua nyumba zao. Mazulia hutolewa nje yakapigwa fimbo, mapazia mazito hushushwa yakafuliwa, na madirisha yaliyofungwa tangu Novemba huachwa wazi kutwa. Desturi hiyo ilikuwa na sababu yake. Zamani nyumba hizo zilipashwa moto kwa makaa ya mawe na kumulikwa kwa taa za mafuta, na kufikia mwisho wa majira ya baridi kuta zote zilikuwa zimeingia masizi. Wenye vijumba vidogo vya mashambani waliihesabu siku hiyo kuwa sikukuu: ua la kwanza lilichumwa likawekwa mezani, na kiti kikatolewa barazani.

Huku kwetu Machi hiyo hiyo ina habari yake. Vumbi la Januari na Februari hunyeshewa, kumbikumbi huzizingira taa za barabarani usiku, na nyasi zilizokuwa zimekauka kabisa huchipuka kwa muda wa juma moja. Ndio mwanzo wetu wa mwaka wa mimea. Lakini mkaazi wa mjini hufanya kinyume cha Mzungu. Mvua ikianza, yeye hufunga. Dirisha hufungwa kwa ajili ya baridi, pazia huvutwa kwa ajili ya macho ya jirani, nguo mbichi huanikwa kwenye migongo ya viti, na jiko la makaa likaingizwa ndani lipashe chumba moto. Kuanzia hapo mpaka Agosti, sisi madaktari hatukosi kazi.

Ningependa kueleza sababu moja ya hali hii ambayo haimo katika vitabu vya udaktari. Mkenya wa mjini ana nyumba mbili moyoni mwake. Moja ni hii anayoilipia kodi kila mwezi, Umoja au Kayole, Likoni au Kondele. Ya pili ni ile ya mashambani, aliyojenga au anayokusudia kuijenga. Ukimwuliza anakaa wapi, atakutajia mtaa. Ukimwuliza nyumbani ni wapi, atakutajia kijiji. Kwa hiyo raha zote za makao huwekewa kule kijijini: miti ya matunda, kibaraza cha kupungia upepo, dirisha kubwa linaloelekea mlimani. Hapa mjini ni pa kulala tu. Lakini mtu huyo huyo amelala hapa pa kulala tu kwa miaka 20, watoto wake wamezaliwa hapa, na ile nyumba ya kijijini hufunguliwa Desemba kwa siku kumi, mlinzi akabaki nayo miezi iliyosalia. Mapafu hayajui habari ya nyumba ya kijijini. Yanajua hewa ya chumba ambacho mwili umelala usiku wa jana.

Hebu tuingie katika sebule ya kawaida. Makochi makubwa yamejaa chumba kizima, yamevikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Zulia zito limetandazwa ukuta hadi ukuta. Mapazia ni ya tabaka mbili na hayajafunguliwa tangu yatundikwe. Kuna kabati ya vioo yenye vikombe ambavyo havinywewi, na maua ya plastiki yaliyoshika vumbi la miaka mitatu. Mwenye nyumba amejikaza kupapamba, na simcheki, maana kupenda kupendezesha makao ni dalili ya akili iliyo timamu. Ila kwa jicho la daktari, chumba hicho ni malisho ya wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao huishi ndani ya mazulia, makochi na magodoro, wakila ngozi inayopukutika mwilini mwetu. Wao hupenda unyevu. Kinyesi chao ndicho kinachowasha pua na kukaza vifua vya watoto wenye pumu. Nyuma ya kabati, mahali hewa haifiki, ukuta umeota ukungu mweusi.

Mama mmoja alikuwa akiniletea mtoto wa miaka minne kila baada ya majuma mawili. Alikuwa amekwisha kupewa dawa za kuua bakteria mara nyingi, huku na kule, na chupa za dawa za kikohozi zikawa hazihesabiki. Nilimwuliza kitanda cha mtoto kimekaa wapi. Kilikuwa kimegusa ukuta wa bafu, na ukuta huo hutoa jasho masika yote. Mwenye ploti alipolalamikiwa alileta rangi nyeupe akapaka juu ya ukungu, ambao ulirudi kabla ya mwezi kwisha. Mtoto yule alikuwa na pumu, na pumu ina dawa zake za kuvuta ambazo hazifai kuachwa. Lakini dawa ya kuvuta peke yake ni kama kukausha sakafu huku mfereji ukiwa wazi. Kitanda kilihamishwa, dirisha likawa lafunguliwa kila asubuhi, godoro likaanikwa juani kila siku jua lilipotoka, na mashuka yakafuliwa kwa maji ya moto kila juma. Nilikaa miezi miwili bila kumwona.

Kuhusu jiko la makaa sitasema kwa upole. Makaa yanapoungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, nasi hudhani ni malaria. Kichwa kikiwauma watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, mambo mengine baadaye. Na hata jiko lisipoua usiku mmoja, moshi huua polepole: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 3.2 walifariki mwaka 2020 kwa sababu ya moshi wa majumbani, wengi wao kutokana na kupikia kwa kuni, makaa na mafuta ya taa.

Wala si hewa peke yake. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, jua halitupungukii, na bado madaktari wa watoto hapa Nairobi hukutana na watoto wenye matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D. Watoto hao hufungiwa ndani na yaya tangu asubuhi hadi jioni katika chumba ambacho dirisha lake limeelekea ukuta wa jirani, umbali wa mkono mmoja. Kifua kikuu nacho, ambacho Shirika la Afya Duniani liliiweka Kenya katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa kwa miaka ya 2021 hadi 2025, hupenda sana chumba chenye watu wengi, giza, na hewa isiyobadilishwa.

Kuna wanaodhani kwamba maua ya nyumbani yatasafisha hewa hiyo. Imani hii ilipata nguvu mwaka 1989, pale shirika la anga la Marekani, NASA, lilipotoa matokeo ya majaribio ya mimea iliyowekwa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Lakini nyumba si kisanduku. Mwaka 2019 wataalamu waliyapitia majaribio ya aina hiyo, wakaona kuwa ili mimea ifanye kazi inayofanywa na hewa ya dirishani, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Utakaa wapi wewe? Basi kazi ya kusafisha hewa mwachie dirisha. Na wale wanaotoa vyungu vya maua chumbani usiku wakihofia vitamaliza oksijeni, wajue kuwa mwenzao wanayelala naye kitanda kimoja huvuta oksijeni nyingi zaidi kuliko chungu kile.

Mimea tuipande kwa sababu nyingine, nayo si ndogo. Mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilazwa vyumba ambavyo madirisha yake yalielekea miti, na nusu yaliyoelekea ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi na waliomba dawa kali za maumivu kwa uchache. Ni watu wachache, nakubali, na mtu asijenge dini juu yao. Lakini mimi huwapima shinikizo la damu watu wazima waliotoka kazini wamechoka, na huwauliza: ukifika nyumbani, ni kitu gani hukifurahia kukiona? Wengi hutaja runinga. Wengine hukaa kimya. Jambo la kuamka asubuhi ukakuta jani jipya limejikunjua ni raha isiyo na gharama, na mtu aliyestaafu au aliyefiwa huweza kushikwa mkono nayo kupita siku ngumu.

Msomaji asiseme kwamba hizi ni anasa za Kizungu. Wazee wetu wa Lamu walizijenga nyumba za matumbawe zenye kiwanda kilicho wazi juu ili mwanga na upepo viingie, na kutani wakachonga zidaka za kupambia vyombo. Asumini na mrehani vilikuwa vya mlangoni. Magharibi mwa nchi, akina mama walizikandika kuta kwa udongo wa rangi na kuzichora kwa mikono yao. Sisi tulipopanga mjini ndipo tuliposahau, tukaona uzuri ni makochi. (Akina dada wa Pwani wasidhani nawanyang'anya udi. Fukizeni, ila dirisha liwe wazi, na kama chumbani mna mwenye pumu, fukizeni akiwa nje.)

Yapo ya kuangaliwa. Maji yanayotuama katika visahani vya vyungu huzaa mbu wenye madoa meupe miguuni, ambao huuma mchana. Ndio walioeneza kidingapopo mjini Mombasa mwaka 2013, na chikungunya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018. Mwageni maji hayo na kuvisugua visahani angalau mara moja kwa juma. Ua lile refu la tarumbeta, linaloning'inia kwenye nyua nyingi za Nairobi na Kiambu, lina sumu katika kila sehemu yake. Na mmea wa difenbakia, wenye majani mapana yaliyomwagikiwa madoa ya krimu, humvimbisha mtoto ulimi akiutafuna. Mwenye mtoto anayetambaa auweke mbali au asiununue kabisa.

Sasa neno kwa wenye nyumba za kupangisha. Nimeona notisi zilizobandikwa langoni: ni marufuku kuweka maua kwenye korido, ni marufuku kupanda chochote uani. Ua wenyewe umemwagwa simiti yote ili magari yapate nafasi. Mpangaji anayelipa kodi miaka kumi hana ruhusa ya mkebe mmoja wa Kimbo wenye udongo! Na mafundi wanaojenga majengo ya ghorofa saba yakigusana mabega, wakifanya chumba cha kulala kisione mbingu, wanazalisha wagonjwa kabla ya kupata wapangaji. Serikali za kaunti ndizo zinazopitisha ramani hizo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama peke yake, au karibu peke yake, kuzuia mnara wa orofa 60 usijengwe katika bustani ya Uhuru, na Januari 1999 alipigwa akitetea msitu wa Karura. Leo maelfu hutembea Karura na watoto wao. Hatukosi mfano, twakosa wa kuufuata kwa kadiri ya ploti moja.

Kwa aliye na dirisha moja tu, haya yanatosha kuanzia. Fungua pazia unapoamka, na dirisha kwa muda wa nusu saa hata kukiwa na manyunyu. Kisha lifungue tena wakati wa kupika. Sogeza kabati na kitanda viachane na ukuta kwa shibiri moja. Kama zulia huwezi kulitoa nje kulipiga jua, liuze ununue mkeka. Nguo zianikwe nje au kwenye korido, na siku zikikosa kukauka, ziwe katika chumba kisicholaliwa.

Halafu nenda kwa wauza miche wa kando ya barabara, Ngong Road au popote ulipo, ukanunue mshubiri mmoja wa dirishani, kwani hauchoki kusahauliwa. Mwenye nafasi ya gunia atafute udongo wenye samadi, alijaze, alitoboe matundu ubavuni, achomeke miche ya sukuma wiki na terere wiki mvua zinapoanza. Lisiwekwe penye kivuli cha ukuta kutwa. Terere huchumwa kwanza, ikiwa changa, na sukuma wiki hufuata baada ya majuma sita hadi manane, yaani katikati ya Mei, kabla baridi ya Juni haijaingia.