Sauti ya Tano

Huko Marekani uko uimbaji uitwao babashopu. Ni sauti nne, bila kinanda wala ngoma. Wimbo wenyewe hushikwa na sauti ya pili kutoka juu. Ya kwanza huupamba kwa upole. Zikipatana barabara, sikio husikia kama sauti ya tano juu yao, wala hakuna aliyeiimba.

Chama cha waimbaji hao kilianzishwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1938. Wengi wao wana kazi nyingine za kuwalisha, kwa hiyo baadhi ya mafunzo huwekwa Jumamosi na Jumapili. Waimbaji hufunzwa kupumua vema, kutamka irabu kwa namna moja na, zaidi ya yote, kusikilizana. Kiongozi naye husimamishwa mbele aongoze, na mwalimu humsahihisha papo hapo, wenzake wakitazama. Nami chuoni ualimu nilisahihishwa hivyo. Huuma, lakini hufundisha.

Hata hivyo neno moja lanisumbua. Mizizi ya uimbaji huu imo kwa Wamarekani weusi. Lakini chama hicho kiliwafungia mlango watu weusi hadi mwaka 1963. Wanawake nao walingoja uanachama kamili hadi 2018. Kumbe watu waweza kunoa masikio miaka 25, wasimsikie mwenye wimbo anayebisha hodi!

Basi, wewe uongozaye kwaya, Jumamosi hii kabla ya kumkemea mwimbaji, jiulize: Je, ni nani niliyemwacha nje?