Sola Inazima Mapema? Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kama uko Kitale au Bungoma na sola yako inazima saa mbili usiku, usikimbie dukani bado. Najua utakachoambiwa mtaani: "Hiyo betri imekufa, nunua ingine." Au, "Ongeza paneli." Huo si ushauri, ni kubahatisha kwa pesa yako. Mtu asikuuzie chochote kabla hajapima.

Anza na hesabu. Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Jua zuri la kutegemea ni kama saa tano kwa siku, yaani wati-saa 500. Ukitoa zinazopotelea kwa joto, waya na betri, unabaki na kama 350 au 400. Sasa jumlisha: TV ya wati 40 kwa saa tano ni 200. Wufa ya wati 60 kwa saa nne ni 240. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Jumla 540. Boss, hapo hakuna kilichoharibika. Unakula kuliko unavyovuna.

Hesabu ikikubali na bado ni giza, angalia paa saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Kivuli cha tawi moja la mparachichi kinaweza kuangusha paneli nzima, kwa sababu seli zake zimeungwa kwa mstari: moja ikizubaa, zote zinakwama. Tena huku kwetu mvua hupenda kuja alasiri, kwa hivyo jua la asubuhi ndilo dhahabu. Paneli ikiwa imetazama magharibi, au asubuhi imefunikwa na ghorofa ya jirani, saa zako bora zinaenda bure. Na vumbi la Januari na Februari lifute kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla paneli haijapata moto.

Kisha waya. Mafundi wengine huteremsha umeme kutoka kwa paa na waya mwembamba wa taa. Jua likiwaka, pima volti kwa paneli, halafu pima pale waya unapoingia kwa kontrola. Zikipishana kwa zaidi ya nusu volti, waya au viungo vinakuibia.

Betri iwe ya mwisho. Jua likizama, zima kila kitu, ngoja saa moja, upime. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.7; ikifika 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12.6 halafu taa zizime baada ya saa moja, kweli imezeeka. Lakini ikisoma 12.1, haijashiba tangu mchana. Ukinunua mpya, nayo italala njaa.

Tangu 2012 kanuni za Kenya zinataka anayefunga sola awe na leseni, na leo leseni hiyo inatolewa na EPRA. Omba kuiona. Wewe mwenyewe nunua mita ya volti, hata mkichanga ploti nzima. Bei yake haikaribii ya betri.

Na fundi akija mikono mitupu, akaangalia tu na kusema "ni betri", mwambie aende alete mita.