Adui wa mezani asipewe sura ya jirani

Wapo wazazi hapa Mbale wanaotaka walimu tuwakataze watoto kufinyanga askari wa udongo, kuwapaka rangi na kuwapiganisha mezani. Wanadai ni kuwafundisha vita. Sikubaliani nao.

Mchezo huo si mgeni duniani. Mwingereza H. G. Wells aliuandikia kitabu cha kanuni mwaka 1913. Tangu 1983, ule uitwao Warhammer umewafanya hata watu wazima wakusanye mazimwi madogo na kuyapaka rangi kwa brashi nyembamba. (Ndiyo, watu wazima wenye ajira zao!)

Swali langu ni jingine: huyo adui anapewa sura ya nani? Nilisoma Kenya, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Tulipocheza vita, mimi Mganda nilipangwa upande wa adui kila siku, na askari wangu wakapakwa masizi. Zimwi lenye pembe halina kabila, wala halina mtoto wake darasani. Watoto na wapake mazimwi wapendavyo. Lakini wakimpa adui jina la kabila la mwenzao, mwalimu aingilie papo hapo.

Mzazi ambaye bado ana hofu, basi tuna mweso. Kwetu Jinja wazee huucheza kwenye ubao wa mashimo 32, kwa kete 64 za namna moja. Kete uliyoteka haitolewi nje; unaipanda upande wako, nayo inakupigania. Shule ninayofundisha haina hata ubao mmoja.